Dirisha la Kulia Ukienda, la Kushoto Ukirudi: Kiti cha Ndege ya Kisumu na Bei Yake

Kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa ndege ni kama kilomita 280 hivi, na safari yenyewe haifiki saa moja. Katika umbali huo mfupi ndege inaruka juu ya Bonde la Ufa, inapita karibu na milima miwili ya volkano na ziwa moja la maji baridi, inavuka msitu wa Mau, inashuka juu ya chai ya Kericho, miwa ya Muhoroni na mpunga wa Ahero, kisha inafika kwenye maji ya Ghuba ya Winam. Ni njia chache sana Afrika Mashariki zinazokupa mambo mengi hivyo kwa tiketi ya kawaida. Lakini abiria wengi hulinganisha nauli peke yake, wakabonyeza kitufe cha kulipa, na siku ya safari wakajikuta wametazamana na bawa kutoka Nairobi hadi Kisumu. Huo ni ubadhirifu, maana kilichowakosesha mandhari hayo si uhaba wa pesa. Mara nyingi aliyelipa kidogo zaidi ndiye angeona vizuri zaidi.

Tuanze na ndege zenyewe, kwa sababu aina ya ndege ina uzito kuliko kiti. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka mwaka 2014, hutumia Dash 8-400 yenye viti 78. Hii ni ndege ya propela, na mabawa yake yamepachikwa juu ya mwili, sawa na paa. Kenya Airways yenyewe kwa miaka mingi imetumia Embraer 190, ndege ya jeti ambayo mabawa yake yako chini ya madirisha. Safarilink huondokea uwanja wa Wilson, Nairobi, nayo pia hutumia ndege za familia ya Dash 8. Anayetafuta mwendo na utulivu atapenda jeti. Anayetafuta kuona ardhi apande ya propela. Bawa likiwa juu, karibu kila dirisha linatazama chini bila kizuizi, na ndege hiyo kwa kawaida hupaa chini kuliko jeti na huenda polepole kidogo. Kwa kilomita 280, tofauti ya mwendo ni ya dakika chache tu. Ukingo wa Mau unapanda kupita mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ukiuvuka kwa ndege isiyopanda sana unaiona misitu na mashamba kwa karibu: barabara za udongo, paa za mabati, mpaka ambapo msitu umekatwa na mahindi yameingia.

Hiyo haimaanishi kwamba Embraer haina faida. Madirisha yake ni makubwa, na kelele ni chache. Ila ukiipanda, epuka safu za katikati, kwa kuwa hapo bawa linaifunika ardhi yote. Keti mbele kabisa au nyuma kabisa. Katika Dash 8, safu za kukwepa ni zile zilizo sambamba na injini: kelele na mtetemo ni vikali zaidi hapo, na injini pamoja na magurudumu yanayoshuka kutoka chini yake hukata sehemu ya mandhari. Theluthi ya nyuma ya ndege hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayeniuliza.

Sasa pesa. Kampuni nyingi za ndege hutoza ada ya ziada kwa abiria anayetaka kuchagua kiti mapema kwa tiketi ya bei ya chini, na viti vya mbele kwa kawaida ndivyo ghali zaidi. Mteja aelewe anachouziwa. Bei ya viti vya mbele inatokana na kushuka haraka, na haina uhusiano wowote na mandhari. Mwenye mkutano wa saa tatu mjini Kisumu ana sababu ya kulipia safu ya pili. Mwenye hamu ya kuiona Longonot hana, kwa sababu kiti cha bei ya chini cha nyuma kitamfaa zaidi.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu huisahau. Dash 8 na daraja la kawaida la Embraer zina viti viwili kila upande wa ujia. Hapo hakuna kiti cha katikati, kwa hiyo nusu ya viti viko dirishani. Katika Boeing 737 au Airbus A320, ambako viti ni vitatu kwa vitatu, ni theluthi tu. Maana yake ni kwamba katika ndege ya Kisumu, hata asiyelipa senti moja ya kuchagua kiti ana nafasi karibu sawa ya kupata dirisha au kulikosa. Ukilipa ada, usijiambie kwamba unanunua dirisha. Unanunua upande na safu. Na ada hiyo ina thamani ikiwa tu unajua upande upi na safu ipi, maana kulipia dirisha la upande usiofaa, juu ya bawa, ni kutupa pesa.

Upande upi, basi? Ndege inatoka Nairobi ikielekea magharibi na kaskazini kidogo. Katika ramani ya viti, herufi A huwa kushoto na herufi ya mwisho ya safu huwa kulia. Upande wa kulia ndio wenye neema ya Bonde la Ufa. Dakika chache tu baada ya kuruka, asubuhi yenye anga safi, milima ya Nyandarua iko kulia, na nyuma yake huenda ukaona Mlima Kenya. Kisha ardhi inaporomoka ghafla chini ya ndege na unaiona Longonot, mita 2,776, mdomo wake wa mviringo ukiwa na msitu ndani. Mara moja inafuata Olkaria, ambako mvuke wa kuzalisha umeme unapanda kwa nguzo nyeupe kutoka ardhini, halafu Ziwa Naivasha na paa za plastiki za mashamba ya maua zikimetameta kandokando yake. Anga ikiwa safi sana, Elmenteita na Nakuru huonekana kwa mbali zaidi kulia.

Kushoto napo si patupu. Kuna Suswa, volkano pana yenye shimo ndani ya shimo, na katikati yake kipande cha ardhi kilichozungukwa na handaki kubwa. Ni umbo ambalo mtu aliye chini hawezi kuliona lote. Anayeijua Longonot kwa sababu amewahi kuipanda kwa miguu anaweza kuchagua kushoto kwa ajili ya Suswa peke yake, na sitambishia. Lakini kwa anayesafiri mara ya kwanza, kulia kuna vitu vingi zaidi, na viko karibu zaidi.

Baada ya Mau, pande zote mbili zinakuwa sawa kwa muda. Chai ya Kericho inatandazwa kushoto na kulia, kijani kibichi kilichokatwa kwa mistari, na miti ya mikalatusi ikiwa katika vipande vilivyonyooka. Kisha ardhi inashuka tena. Kulia unaona ukuta wa Nandi ukisimama juu ya miwa ya Muhoroni na Chemelil. Kushoto unaona miinuko ya Nyakach, na bonde la Kano likifunguka kuelekea ziwani. Hapa kushoto panaanza kushinda. Mto Nyando unaingia ghubani ukiwa na rangi ya udongo, na baada ya mvua unauona mkondo wake mwekundu ukisukuma ndani ya maji ya ziwa kabla haujafifia. Huo ni udongo wa mashamba ya juu, rutuba ya wakulima wa Nandi na Kericho inayoishia ziwani na kuyalisha magugu maji. Ukitazama kutoka juu, unaelewa kwa nini Kano hufurika, na kwa nini wavuvi wa Dunga huamka asubuhi wakakuta gati limezibwa na majani. Abiria wa Kisumu ana haki ya kuyaona hayo, maana ni habari za nyumbani kwake.

Dakika tano za mwisho zinategemea upepo, na hakuna mhudumu anayeweza kukuahidi chochote. Njia ya kurukia ya Kisumu imelala kutoka kusini-magharibi, upande wa ziwa, hadi kaskazini-mashariki, upande wa milima. Usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kuanzia karibu adhuhuri upepo hugeuka ukatoka ziwani. Ndege hutua ikikabili upepo. Kwa hiyo asubuhi kuna uwezekano ndege ikapita juu ya ghuba, ikageuka, na kuja kutua kutoka majini. Hapo mji wa Kisumu unakuwa kulia. Alasiri kuna uwezekano ikaja moja kwa moja kutoka upande wa milima, na hapo mji na ghuba viko kushoto, huku kulia ukiona vilima vya Riat. Upepo ukiwa mdogo, rubani na waongozaji wa ndege huchagua kinachofaa, na abiria anapokea atakachopewa.

Ndiyo maana, ukinibana niseme tiketi ipi ina thamani zaidi, nitasema ni ile ya kurudi, mchana, upande wa kushoto. Ndege ikiruka kuelekea ziwani na kisha kugeuka kushoto kuitafuta Nairobi, dirisha la kushoto linainama juu ya maji: boti za wavuvi, vizimba vya samaki vilivyopangwa kwa safu, magugu maji yakielea kama visiwa, mji wote wa Kisumu umeegemea ukingo. Kisha safari nzima ya Bonde la Ufa inakuja upande huohuo, kwa kuwa kilichokuwa kulia ukienda ni kushoto ukirudi. Na jua la mchana linakuwa nyuma yako, upande wa pili, likiimulika Longonot badala ya kukupofusha. Ukirudi asubuhi, jua liko mbele kushoto, na picha zako zitajaa mng'ao.

Tatizo la mchana ni mawingu. Pwani hii ya Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita ziwa, ina radi nyingi, na vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mawingu hujijenga jua linapopanda, na kufikia jioni huwa yamesimama kama ngome. Kwa hiyo chagua safari ya kati ya saa sita na saa tisa mchana, usingoje ya magharibi. Ukienda, chukua ya asubuhi. Mwezi Julai na Agosti Nairobi hufunikwa na wingu zito la asubuhi, lakini usikate tamaa: mara nyingi wingu hilo huishia ukingoni mwa bonde. Januari na Februari anga ni wazi lakini lina vumbi. Siku inayofuata mvua kubwa ndiyo yenye hewa safi kuliko zote.

Kuhusu nauli, ukweli ni kwamba kiti ni gharama ndogo kuliko tarehe. Jambojet ilipoanza mwaka 2014 ilitangaza nauli ya kuanzia shilingi 2,850 kwenda tu, na tangu hapo bei za njia hii zimekuwa zikipanda na kushuka kulingana na siku, saa na viti vilivyobaki. Ijumaa jioni, mkesha wa Krismasi na mwisho wa muhula wa shule ni ghali. Jumanne na Jumatano katikati ya mchana huwa nafuu, na kwa bahati njema hizo ndizo saa za mandhari. Tuseme ada ya kiti ni shilingi 500. Ukihama kutoka safari ya Ijumaa jioni hadi ya Jumatano mchana, unaweza kuokoa mara kadhaa ya kiasi hicho, na ukakilipia kiti kwa sehemu ya ulichookoa. Anayelipa ada ya dirisha kwenye ndege ya saa mbili usiku amelipia giza.

Linganisha pia kwa jumla, usitazame namba ya kwanza inayotokea kwenye skrini. Ongeza begi la kupakiwa, ambalo tiketi ya chini kabisa mara nyingi haina. Ongeza teksi: Wilson iko karibu na katikati ya jiji kuliko uwanja wa Jomo Kenyatta, na kwa anayetoka Lang'ata au Kilimani tofauti hiyo inaweza kufuta unafuu wote wa nauli. Kisha tazama aina ya ndege iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, kwa sababu kampuni hubadilisha ndege.

Asiyetaka kulipa ada ana njia mbili za halali. Ya kwanza ni kujisajili kwa safari mtandaoni mara tu usajili unapofunguliwa, takriban siku moja kabla, kabla viti vizuri havijagawanywa. Ya pili ni kufika mapema na kuomba kwa adabu: "Dada, naomba kiti cha dirishani, upande wa kulia, nyuma ya bawa, kama kipo." Ombi lililo wazi namna hiyo humrahisishia kazi aliye kaunta. Na kama unasafiri na mama au nyanya anayeruka kwa mara ya kwanza, mpe yeye dirisha hilo. Amelisikia ziwa na kulivuka maisha yake yote. Alione mara moja kutoka juu.

Jambo hili la kutazama nje si geni kwa Kisumu. Mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha huduma ya ndege hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa kituo chake: ndege zenye matumbo kama mashua zilitua juu ya maji ya ghuba. Wilson Airways, iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ilikuwa na makao yake katika uwanja wa Nairobi ambao leo unaitwa kwa jina lake. Ndege kubwa za Short Empire zilizofuata mwaka 1937, zikielekea Durban, zilikuwa na sehemu ya abiria kusimama wakitazama nje. Nauli ya wakati huo ilikuwa ya maafisa na matajiri. Leo fundi wa simu kutoka Kondele anaweza kupita juu ya ghuba hiyohiyo, na hilo ni jambo la kufurahia.

Kwa ambaye nauli ya ndege bado haifikiki, kuna reli. Ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Mnamo Desemba 2021, baada ya reli ya zamani kufanyiwa ukarabati, treni ya abiria kutoka Nairobi ilirejea kwa nauli ya shilingi 600 daraja la kawaida na 2,000 daraja la kwanza. Ni safari ya usiku ya takriban saa 12, kwa hiyo Bonde la Ufa linapita gizani. Lakini alfajiri, ikishuka kutoka Fort Ternan kwenda Muhoroni na Kibos, treni inakupa kile ambacho ndege haiwezi: miwa iliyo umbali wa mkono, watoto wakipunga, harufu ya kiwanda cha sukari. Thibitisha ratiba kabla ya kupanga lolote.

Kwa basi ni kama kilomita 350 za barabara, na ukipita Limuru ya juu kwenda Naivasha, keti kushoto. Bonde lote liko upande huo. Baada ya Mau Summit, upande haujalishi.

Na kama lengo lako ni ziwa lenyewe, sitakushauri ulipie kiti chochote cha ndege kwa ajili yake. Weka pesa hizo uende Dunga, kusini mwa mji, ukodishe mashua pembeni mwa mafunjo wakati jua linashuka. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, na uulize kama ni ya mashua nzima au ya kila mtu, maana hapo ndipo ugomvi hutokea. Dai jaketi la kujiokoa. Au nenda hadi Luanda K'Otieno uvuke kwa feri kwenda Mbita, kama saa moja juu ya maji, pamoja na wachuuzi, pikipiki na magunia. Huko unaweza kuona makundi ya vijidudu vya ziwani vikipanda kutoka majini kama moshi wa moto mkubwa.

Ndege ninayoweza kuilipia ada ya kiti bila kusita ni nyingine kabisa: ya moja kwa moja kati ya Mombasa na Kisumu, njia ambayo Jambojet imekuwa ikiiendesha bila kupitia Nairobi. Njia hiyo inapita kaskazini mwa Kilimanjaro. Ukitoka Mombasa, mlima uko kushoto, na baadaye Ziwa Magadi, jeupe na la waridi, liko kushoto pia. Ukitoka Kisumu vyote viko kulia. Chukua ya asubuhi, kabla mawingu hayajakifunika kilele, na ukipewa kiti cha ujiani kwa bei ya chini, ongeza ada uhame.